Mashine Iliyoimba Krismasi ya Kwetu

Mara ya kwanza kusikia wimbo wa ukoo wetu ukiimbwa na mashine, nchi nzima ilikuwa inausikia pamoja na mimi.

Ilikuwa Krismasi yenyewe, saa moja jioni. Nilikuwa kwenye kochi la rafiki yangu, mjini Cardiff, sahani ya bata mzinga mapajani, sebule imejaa watu na wote wako kimya.

Kwenye televisheni kuna chombo cha anga. Kimebeba watu elfu nne waliolala kwenye masanduku ya vioo, wanapelekwa kwenye nyota ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Mzee mmoja kaamshwa kabla ya wakati wake, anakata roho. Mashine inayowatunza hao waliolala, jina lake Mlezi, inamwinamia.

Halafu inaimba.

“Amkeni mlio gizani, mgeni yuko mlangoni.”

Rafiki yangu akashika mkono wake. “Jamani, nywele zimenisimama!”

Mimi nikajikausha. Nikaendelea kukata nyama kama vile simo.

Wimbo ule ulikuwa wa kwetu. Na aliyeutoa nyumbani ni mimi.

Naitwa Eurgain. Kazi yangu ni sauti kwenye tamthilia. Ukiona picha za nyuma ya kamera, kuna mtu kashika fimbo ndefu yenye dude la manyoya mwishoni, mikono inamtetemeka. Ndiye mimi.

Nimezaliwa Bryn-y-gog, shamba la kondoo katikati ya Wales. Kwetu mvua ikikatika siku mbili, watu wanaulizana kulikoni.

Na kwetu Krismasi haiishi tarehe ishirini na tano. Inaenda mpaka katikati ya Januari, kanisa kwa kanisa, bonde kwa bonde. Ibada yenyewe tunaiita plygain.

Iko hivi. Padri anasoma sala fupi, anasema kanisa ni lenu, anakaa. Basi. Hakuna ratiba, hakuna mshereheshaji, hakuna kinanda. Kundi linainuka lenyewe, watu watatu au wanne, mara nyingi ndugu. Wanakwenda mbele, mmoja anagonga kile kichuma cha kupatia noti, wanaimba wimbo mmoja, wanarudi kukaa. Makofi hakuna. Ukithubutu kupiga makofi utatazamwa mpaka ujute kuzaliwa.

Na ipo sheria moja. Wimbo ukishaimbwa jioni hiyo, umeimbwa. Kundi lingine haliurudii. Hata kama ulikuwa wako, hata kama umekuja na huo huo tu.

Shikeni hapo, maana balaa langu lote liko hapo.

Wimbo wetu aliutunga babu wa babu yangu, fundi wa kuta za mawe. Una beti kumi na moja, kutoka zizini mpaka kaburini, umeandikwa kwa mkono kwenye daftari moja ambalo jalada lake limeshonwa upya mara mbili. Haupewi mtu wa nje. Babu aliwahi kutembelewa na watu wa makumbusho waliokuja na mashine ya kurekodia. Aliwapa chai, akawapa keki, akawaonyesha barabara.

“Wimbo wa Bryn-y-gog unasikilizwa kanisani,” aliwaambia. “Anayeutaka aje kanisani.”

Nimelelewa na maneno hayo. Siwezi kusema sikujua.

Sasa miaka tisa iliyopita nilikuwa mgeni kwenye ile tamthilia ya chombo cha anga. Mwaka wa pili wa kubeba nyaya. Mkuu wetu Imelda, mtu mkali kwelikweli, alikuwa ananiita “wewe wa nyaya”. Siku moja akatukusanya.

“Nataka wimbo wa Krismasi wa zamani,” akasema. “Wa zamani kweli. Na hakuna mtazamaji hata mmoja awe amewahi kuusikia. Nani anao?”

Watu wanatazama viatu.

Nikanyoosha mkono. Mpaka leo nauona ule mkono unavyopanda, na natamani mtu angeukata.

“Ninao mmoja.”

Nikawapa. Imelda akausikiliza mara mbili, amefumba macho. Alipoyafumbua akauliza, “Unaitwa nani vile?”

Nilirudi nyumbani naelea. Nimejulikana, bwana! Wa nyaya kajulikana!

Nilijua wangeutumia mara moja, watu wasahau. Wapi! Watazamaji wakapagawa. Krismasi ya pili Mlezi akauimba nje ya chumba kilichoishiwa hewa, waliomo ndani wanagonga mlango. Ya tatu wakauweka kwenye tangazo, polepole, unazizima. Ya nne ndiyo ilitisha: waliolala wameamka vibaya, macho hayaoni, wanatembea kwenye korido safu kwa safu huku wote wanaimba kwa sauti ileile ya Mlezi.

Miaka tisa, mara saba. Mashabiki wamezihesabu, wana ukurasa mzima mtandaoni, dakika na sekunde. Wamegundua na kanuni: Mlezi akifika ubeti wa tatu, lazima mtu afe. Watoto wanatishana nao shuleni. Kuna jamaa kauchora shingoni, mstari mzima.

Wimbo wa kumpokea Mtoto Yesu, jamani, umegeuka wimbo wa kuitia mauti.

Baba hakuwa na habari. Iorwerth wa Bryn-y-gog, televisheni yake ni ya hali ya hewa na raga tu. Lakini bonde ni dogo. Mwaka ule wa nne nimeenda nyumbani, tunalisha kondoo, akasema bila kunitazama, “Fundi wa trekta ananiambia kuna roboti linaimba wimbo wetu.”

Nikainamia ndoo yangu.

“Nyimbo za zamani zinafanana, Baba.”

“Zinafanana?”

“Eeh. Labda waliokota mahali.”

Akamwaga ndoo yake taratibu mpaka ikaisha. “Haya,” akasema, akaenda kwa kondoo wengine.

Nilimdanganya baba yangu mchana kweupe, kwenye tope, kondoo wakinitazama. Na nilipoona kapokea, nikashukuru Mungu. Ndivyo nilivyokuwa.

Tuje kwenye mwaka wenyewe wa balaa, mwaka jana.

Mwezi wa nne, Baba mdogo Hefin alifariki. Ndiye alikuwa besi yetu, ile sauti nzito ya chini. Tukabaki watatu: Baba, kaka yangu Gethin na mimi. Nyimbo zetu nyingine zote bila besi haziendi. Ulibaki ule mmoja, wa babu, ambao watatu wanaweza kuubeba.

Mwezi wa kumi na moja sauti ya Baba ikaanza kukwaruza. Akasema mafua. Akasema vumbi la nyasi. Gethin akamburuza hospitali, na daktari akasema ni kansa ya koo. Kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Akishatoka pale, kuongea kwa sauti yake basi, na kuimba ndiyo kabisa.

Wakampa tarehe: Jumanne, nane Januari.

Baba akauliza swali moja tu. “Plygain ya kwetu ni lini?”

“Jumapili, tarehe sita,” Gethin akasema.

“Basi. Jumapili iko kabla ya Jumanne.”

Kuanzia hapo akaifunga sauti yake. Wiki tano haongei, labda neno moja moja kwa kunong'ona. Mbwa anamwita kwa mluzi. Mezani anaonyesha viazi kwa uma. Siku ya Krismasi Gethin akachoma nyama mpaka ikawa mkaa, tukamtazama Baba.

“Baba, hata kunitukana huwezi?” Gethin akasema. “Krismasi gani hii sasa?”

Baba akamnyooshea uma, akatingisha kichwa, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Mimi niliondoka mezani, nikajifanya natafuta chumvi.

Mzee alikuwa anatunza beti kumi na moja. Hilo tu ndilo alilotaka kwenye dunia hii: aimbe mara moja, kanisani, mahali aliposimama baba yake, halafu waje na visu vyao.

Jumapili ikafika. Mimi nikatangulia kupeleka trei ya mikate kwenye ukumbi wa kanisa, maana baada ya ibada watu wote wanakula pale. Akina mama wawili wa jirani wanakata bara brith, ile mikate yetu ya zabibu kavu, na kupaka siagi. Jikoni, karibu na mabirika, kulikuwa na wasichana watatu wa kama miaka kumi na mitano, wamevaa sweta za aina moja. Sikuwajua. Wanafanya mazoezi kwa sauti ya chini.

“Amkeni mlio gizani...”

Trei ikaniponyoka. Nikaidaka kwa goti.

Alikuwepo na mwalimu wao, dada mchangamfu anaitwa Luned. “Pole! Tumekushtua?”

“Huo wimbo,” nikasema. “Mmeutoa wapi?”

“Kumbe unaujua! Wameupenda kwenye ile tamthilia ya anga, hawa huwaambii kitu kwa hiyo tamthilia. Mwishoni imeandikwa wimbo wa kimapokeo, tukasema basi, wa wote. Tumetoka pwani, huku ni mara yetu ya kwanza. Huyu Non katapika mara mbili njiani kwa woga.”

Non akaziba uso. “Mwalimu, jamani!”

“Beti ziko tatu tu,” Luned akaendelea. “Wa nne tumeutunga wenyewe. Tutachekwa?”

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, yamepangwa kabisa. Wimbo huu ni wa baba yangu. Jumanne anakatwa sauti. Nawaomba msiuimbe leo.

Wangeacha palepale, naapa. Yule mwalimu angelia, wasichana wangeimba mwingine. Kilichotakiwa ni sentensi tatu.

Lakini baada ya hizo sentensi angeniuliza: sasa ulifikaje kwenye televisheni? Na wale akina mama wenye visu vya siagi walikuwa wameshaacha kukata. Masikio yamesimama.

“Kila la heri,” nikasema.

Nikaweka trei, nikatoka.

Njia nzima ya kwenda kanisani nilikuwa najipa moyo. Si hakuna ratiba? Anayewahi ndiye mwenye wimbo. Nikimfanya Baba ainuke mapema, mambo yataisha kiroho safi na hakuna atakayejua chochote.

Kanisa lilijaa. Baridi ya kuuma, watu na makoti yao. Baba kakaa mwisho wa benchi, daftari gotini, skafu imezungushwa kooni mara tatu. Nikajibana kati yake na Gethin.

“Baba, leo tutangulie.”

Akatingisha kichwa.

“Sauti yako itapoa na hii baridi.”

Akaniinamia, akanong'ona, “Sisi ni baada ya Cwm Llwyd.”

Mjue, hakuna ratiba, lakini kila ukoo una nafasi yake, na haijaandikwa popote. Watu wa shamba la Cwm Llwyd wanaimba, halafu sisi. Imekuwa hivyo tangu babu yangu kijana. Kuwatangulia ni kuwavua nguo.

“Baba, nakuomba.”

“Binti, tulia.”

Gethin akanikanyaga. “Una nini wewe? Umekalia moto?”

Padri akasema kanisa ni lenu, akakaa.

Kundi la kwanza likainuka, wazee wawili na mtoto wa dada yao. Wakaimba, wakarudi. Kundi la pili, baba na mabinti zake. Wakarudi. Sasa ni Cwm Llwyd. Nikageuka kuwatafuta.

Wako wawili tu. Wa tatu hayupo! Mkubwa wao anatazama mlango, anatazama saa. Baadaye nilisikia mdogo wao alikuwa nje, anatafuta pa kuegesha gari.

Kimya kikakaa kanisani. Kwetu kimya si aibu, watu wanangoja tu. Lakini mimi nilikuwa natoka jasho ndani ya koti.

“Baba. Sasa hivi. Cwm Llwyd hawako tayari.”

“Watakuwa tayari.”

“Baba!”

Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akaubana, kama mtu anayemtuliza mtoto kanisani. Alidhani namwonea huruma.

Nikasikia viatu nyuma yetu. Jozi tatu, vinatembea haraka haraka kwa woga.

Benchi letu liko pembeni ya njia. Baba aliposikia watu wanapita akavuta fimbo yake ili wasijikwae. Non akamnong'oneza asante.

Wakasimama mbele. Mmoja akagonga kichuma.

“Amkeni mlio gizani, mgeni yuko mlangoni.”

Sijawahi kuona kanisa likiganda vile. Watu wa bonde zima waligeuka kumtazama Baba, halafu wote kwa pamoja wakainamisha macho. Kila mtu pale alijua wimbo ni wa nani, na kila mtu alijua habari ya Jumanne.

Gethin alikuwa amebadilika rangi. “Wameupata wapi?” ananiuliza. “Eurgain, hawa wameupata wapi?”

Baba alisikiliza mstari wa kwanza mdomo umeachama kidogo. Kwenye mstari wa pili akatazama daftari lake. Kwenye ubeti wa pili akalifunga, akalitia ndani ya koti, akafunga kifungo.

Waliimba vizuri, wale watoto. Ningetamani wangeimba vibaya.

Wakarudi kukaa, nyuso zinang'aa, hawajui chochote. Mlango ukafunguka, mdogo wa Cwm Llwyd akaingia anahema, wakaenda, wakaimba. Wakarudi.

Ikawa zamu yetu.

Hakuna kundi lililoinuka. Walituachia nafasi yetu, bonde zima, wakangoja. Nilihesabu pumzi za Baba.

“Twende na mwingine,” Gethin akanong'ona.

“Bila Hefin?” Baba akauliza.

“Basi tuuimbe huohuo. Nani atatukataza?”

“Mimi,” Baba akasema.

Tukakaa. Mwishowe benchi la nyuma yetu wakainuka taratibu wakaenda, wanapita wameinamisha vichwa utadhani wanapita msibani.

Plygain ikiisha, wanaume wote wanakwenda mbele kuimba wimbo wa kufunga. Baba akaenda nao. Alisimama katikati ya mstari, kofia mkononi. Midomo yake haikusogea hata mara moja.

Ukumbini, chai ikamwagwa, mikate ikapita. Baba akaenda moja kwa moja kwa wale wasichana. Mimi nyuma yake.

“Mmeimba vizuri,” akawaambia kwa kunong'ona. “Ila ubeti wa nne siujui.”

“Tumeutunga!” Non akasema, ana furaha. “Kwenye televisheni ziko tatu tu. Mzee, hivi na wewe unaangalia? Yule Mlezi akiimba huwa nalia kila mara.”

“Na hao watu wa televisheni,” Baba akauliza polepole, “waliutoa wapi?”

“Hata hatujui. Wameandika wa kimapokeo.”

Baba akawashukuru, akawaambia waje tena mwakani. Kisha akageuka. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama tu, na Gethin naye akanitazama, na wale akina mama wa siagi.

Kwenye gari nikasema. “Ni mimi.”

Baba akalegeza skafu yake.

“Siku ile ya ndoo nilijua unadanganya,” Baba akasema. “Nikasema labda ana sababu.”

Nililia mpaka nyumbani, na hakuna aliyenibembeleza.

Jikoni Gethin akasimama mbele ya jiko. “Tuimbe hapahapa, Baba. Sisi watatu. Sauti unayo, ulikuwa unaitunza.”

“Hapa namwimbia nani?” Baba akasema. “Birika?” Akapanda kulala.

Jumatatu asubuhi nilimkuta zizini. Nilisimama nje ya mlango nisionekane. Alikuwa anajaribu. Mstari wa kwanza ukatoka nusu, ukakatika. Akarudia, ikatoka hewa. Mara ya tatu hata hewa haikutoka vizuri. Sijui ni baridi ya jana, au ni kule kuongea kwake usiku, au ni kilio ambacho hakukilia. Wiki tano za kimya na alichokitunza kikamwishia palepale. Akachukua reki, akaanza kufagia.

Jumanne wakamkata.

Sasa, kuna kitu nimewaficha tangu mwanzo. Nimekuwa nasema niliwapa wimbo. Mkadhani niliwaandikia maneno, au nilimwimbia Imelda ofisini.

Sikufanya hivyo. Mimi ni mtu wa sauti.

Miaka tisa iliyopita niliingia plygain ya kwetu na kinasa sauti ndani ya mkoba, nikauweka wazi chini ya benchi, karibu na miguu ya Baba. Nikawarekodi wote wanne, beti zote kumi na moja. Nikatoa sauti yangu, ya Gethin, ya Baba mdogo. Nikabakiza moja, hiyo ndiyo Imelda aliyoisikiliza amefumba macho. Mafundi wa kompyuta wakaikatakata, wakaitia chuma, wakaipanga upya.

Mlezi hajawahi kuwa na mwigizaji. Ni Baba. Mara zote saba ni Baba anayewaimbia watu wafe, na yeye yuko zizini hajui. Ule msafara wa wafu kwenye korido, wote wale ni yeye mmoja, mara mia.

Na siku ile aliponiuliza habari ya fundi wa trekta, nilipanda chumbani nikaifuta rekodi halisi. Niliogopa ataikuta. Nilifuta mpaka nakala, kwa utaalamu wangu wote, na kazini walikuwa wameshabakiza vipande vyao vya chuma tu.

Kwenye ukoo wetu hakuna rekodi nyingine. Babu aliwaonyesha watu barabara.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, tundu shingoni limefunikwa kitambaa. Gethin alimnunulia kibao cheupe na kalamu. Mchana mmoja, tuko jikoni watatu, Gethin akaniuliza.

“Dada, wewe umekaa na mashine maisha yako yote. Huna hata kipande? Hata akiwa anaita mbwa?”

Nikawaambia. Yote, mkoba, benchi, Mlezi, kufuta. Gethin aliinuka akaenda kusimama dirishani na hakugeuka tena.

Baba aliandika neno moja. *Weka.*

Nikatafuta kwenye simu. Nikakosea mara mbili. Nikaweka ile ya mwanzo kabisa, ya Krismasi ya kwanza, ambayo hawakuwa wameiharibu sana.

Mlezi akaimba ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja nyuma ya sikio, jinsi alivyokuwa anawasikiliza wengine kanisani. Nilikuwa namtazama usoni. Nilikuwa nangoja kitu, jamani. Alie, anipige, atabasamu. Chochote.

Ikaisha. Akachukua kalamu.

*Huyu ni nani?*

“Ni wewe, Baba.”

Akaitazama simu. Akanitazama mimi. Akafuta kibao kwa mkono wa sweta, taratibu, mpaka kikawa cheupe kabisa, akaandika tena.

*Simjui.*

Akaniashiria nizime, akavaa koti, akaenda kwa kondoo wake.

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Krismasi hii Mlezi ataimba tena, wameshatangaza, na safari hii wamemtungia maneno mapya ambayo Baba hakuwahi kuyatamka maishani. Mimi sifanyi tena kazi pale, lakini hilo halimsaidii mtu.

Sina la kuwafundisha zaidi ya hili. Kama mzazi wako ana kitu na wewe unakitaka, nenda kamuombe. Muombe wakati bado ana sauti ya kukwambia hapana.